Gauni Bila Mikono

Mimi ni fundi cherehani hapa Bugembe, na tangu mdogo wangu Sheryl aolewe Mbale, chini ya mlima Wanale, nguo zake zote namshonea mimi. Haji kupimwa. Vipimo vyake ninavyo kichwani, ila kila mwaka ananiambia nipunguze kiuno.

Zamani magauni yake hayakuwa na mikono. Alikuwa na mabega ya kuringia, nami nikimtania kwamba anawaharibia wenzake soko. Mwaka wa pili wa ndoa akataka mikono ya kufika kwenye kiwiko. Wa tatu, mpaka kwenye vifundo vya mikono. "Huku kuna baridi, dada," akaniambia kwa simu.

Baridi gani, Mbale? Nilijua. Nikashona hivyo hivyo, nikampelekea kwa basi. Fundi hodari mimi: alama za mkanda wa mumewe, Masaba, hakuna aliyewahi kuziona.

Siku moja nilimwambia aende polisi.

"Nianzie wapi? Polisi watanirudisha kwa mwenyekiti wa kijiji, na huyo ni baba mdogo wa Masaba. Atanirudisha tu nyumbani. Na mama kule Kenya tutamwambia nini?"

Sikumwambia tena, nikaendelea kushona mikono mirefu. Lakini nilitamani sana kumwona mdogo wangu. Kila jioni nikifunika cherehani, nilimkumbuka alivyokuwa akiingia na hindi la kuchoma, mabega wazi, akinipaka masizi shavuni makusudi.

Jumanne iliyopita alipiga simu. "Dada, ile kitenge ya njano bado uko nayo? Nishonee gauni. Bila mikono."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikamuuliza kama Masaba amebadilika.

"Hapana. Nataka kuvaa nikienda polisi. Nipite nayo sokoni, kila mtu aone. Utanisindikiza?"

Gauni hilo sikulipeleka kwa basi. Nilipanda taksi nikiwa nimelipakata mapajani, na saa nne asubuhi nilikuwa chumbani kwake, Masaba akiwa kazini. Alilivaa akiwa amenipa mgongo. Nikamfunga zipu. Mabega niliyotamani kuyaona miaka yote ile yalikuwa mbele yangu, na mimi nikatazama ukuta.

"Tazama, dada," akasema. "Ukishindwa wewe, afande ataweza?"

Nikatazama. Kisha nikamshika mkono, tukatoka.