Gunia la Ofisi

Suruali ya mwalimu wa hesabu ilikuwa mezani, mguu mmoja umeshanyooka, wa pili bado, gari la Ofisi lilipopanda ukingo wa barabara na kusimama mlangoni kabisa, utadhani duka la dobi ni gereji yao. Dobi hakuinua uso. Umeme ulikatika tangu alfajiri, pasi aliyoishika ilikuwa ya mkaa, na bei ya mkaa siku hizi mtu akikutajia unamtazama mara mbili kama anatania. Alitaka amalize mguu wa pili kabla moto haujapoa.

Mtaa mzima uliijua Ofisi, na ukimuuliza mtu atakwambia haijui. Jengo halina kibao. Madirisha yake yamepakwa rangi kwa ndani. Wanaofanya kazi humo hawavai sare, na ukiwauliza kazi gani watakwambia wapo ofisini, basi, ukome hapo. Lakini nguo zao walizileta kwa Dobi, maana hata watu wa siri wanatoka jasho.

Aliyeshuka garini ni yule ambaye Dobi na mkewe, wakiwa peke yao, walimwita Marashi. Shati lake ukiliroweka, karai zima linanukia maua, na chini ya maua kuna harufu nyingine ya jasho lililochacha, haitoki hata ufanyeje. Mke wa Dobi alishakataa kulishika.

"Dobi wangu! Za asubuhi?"

"Nzuri, mkuu."

Marashi alishusha gunia na kulisukuma kwa ncha ya kiatu mpaka chini ya meza. Hakutaka kulishika zaidi ya lazima. "Leo nimekuletea kazi ya maana. Mashati thelathini na moja. Fua, piga pasi, kunja vizuri. Ni msaada, wanapelekewa watu waliounguliwa na nyumba zao. Saa kumi na moja nakuja."

"Sawa, mkuu."

"Halafu." Akainama, maua na jasho vikamwingia Dobi puani. "Zile nyuzi zenu mnazoshona ndani ya kola. Toa zote. Sitaki kuona hata uzi mmoja. Si umesikia yaliyompata mwenzako wa kule sokoni?"

Alisikia. Nani hakusikia! Madobi wana desturi yao: kila mteja ana alama yake, nyuzi mbili tatu za rangi zinazoshonwa ndani ya kola, ili shati la huyu lisiende kwa yule. Wiki iliyopita maiti ilikutwa mtaroni, haina kitambulisho, uso umeharibiwa usitambulike. Dobi wa sokoni alipita pale kwa bahati mbaya, akageuza kola, akasema huyu ni yule mgeni aliyekuwa akiuza vyombo. Jioni ndugu wa marehemu walikuwa wanalia hospitalini na waandishi wa habari wamejaa. Kesho yake duka la dobi wa sokoni lilifungwa kwa kufuli ambalo si lake, na mwenyewe mpaka leo mkewe hajui yuko wapi.

"Nimesikia, mkuu."

"Basi jikaze," alisema Marashi, akacheka, akaondoka zake.

Dobi alimaliza suruali ya mwalimu. Aliinyoosha kwa utulivu mkubwa, mpaka akashangaa mkono wake unavyoweza kutulia. Kisha akalivuta gunia uani na kulimwaga kwenye sakafu ya saruji, na harufu iliyotoka humo ikamfanya aende pembeni kutapika chai yote ya asubuhi. Miaka kumi na minane alifua nguo za watu. Alishazoea nguo za wagonjwa, za walevi, za watoto. Hii ilikuwa harufu ya watu waliofungiwa pamoja siku nyingi na kuogopa.

Shati la kwanza lilikuwa na alama ya dobi mwingine. La pili halikuwa na alama. La tatu alipoligeuza kola alikuta uzi wake mwenyewe: kijani, kijani, nyeupe. Kinyozi. Yule kinyozi mgeni wa kona ya pili, aliyekuwa akimkata nywele huku akimsimulia habari za mama yake. La nne pia lilikuwa la mteja wake, mlinzi wa godauni. La tano lilikuwa la mpaka rangi. Wote walitoka ng'ambo ya mpaka, na wote, kwa maneno ya redio, "wamerejeshwa makwao salama baada ya kuokolewa na vyombo vya usalama".

Akachukua wembe, akaanza kufumua. Ndiyo, alifumua. Alifumua alama ya kinyozi, ya mlinzi, ya mpaka rangi, na nyuzi akazitupa kwenye pasi, zikatoa moshi mdogo na kunuka nywele zilizoungua. Alijiambia ana mke, ana watoto watatu, kodi ya nyumba imepandishwa tena, na waliokwisha kwenda wamekwisha kwenda. Kila neno alilojiambia lilikuwa kweli, na kila neno lilimchefua.

Alipofika katikati ya lundo alikuta shati la kaki lenye doa la gundi kwenye mkono wa kulia. Hakuhitaji kugeuza kola. Doa lile alikuwa amepigana nalo miaka: kwa ndimu, kwa petroli, kwa maji ya moto, likashinda. Hata hivyo akageuza. Buluu, nyekundu, buluu.

Fundi.

Fundi viatu alikuwa akikaa barazani kwa Dobi, hatua mbili kutoka mlangoni, miaka kumi na mmoja. Hawakulipana. Huyu alifua, yule alishona viatu, wakaitana kaka. Watoto wa Dobi walisoma kwa viatu vilivyotiwa soli na mikono ile. Alikuwa mgeni, ndiyo, lakini mkewe alizaliwa mtaa huuhuu, katika nyumba aliyoijenga baba yake, na mapacha wao hawakuwahi kuuona mpaka wowote.

Jumamosi ya wiki iliyopita likapita kundi la watu na marungu, wanaimba wageni watoke. Dobi aliwaona kupitia tundu la dirisha. Baadhi aliwajua: muuza nyama, mwenye duka la simu, yule mzee wa kamati ya maji. Lakini waliokuwa mbele, waliorusha jiwe la kwanza, walivaa fulana nyeusi zilizonyooka mikunjo yake, na mikunjo ile Dobi aliipiga kwa mkono wake Alhamisi. Zilikuwa fulana za Ofisi. Wao ndio walioanzisha, na saa moja baadaye wao ndio waliokuja na magari kuwaokoa wageni. Mchezo gani huo? Mtu anakuchomea nyumba kwa mlango wa mbele, halafu anakungoja kwa mlango wa nyuma.

Kundi lilipokaribia, Fundi aligonga mlango. "Kaka, nifungulie." Hakupiga kelele. Aligonga kama mtu asiyetaka kusumbua. "Kaka, ni mimi." Dobi alisimama ndani, komeo mbele yake, pasi mkononi, akatia pamba masikioni. Fundi aligonga mara tatu.

Sasa alilikunja lile shati bila kulifua na kulisukuma nyuma ya ndoo za sabuni. Ubavu mzima wa kushoto ulikuwa umekakamaa kwa damu.

Saa saba mke wa Fundi alikuja. Alikuwa akija kila siku saa hiyohiyo, akitoka kituo cha polisi, kwa sababu duka la Dobi liko njiani. Mtaa ulimwita Mama Pacha. Siku hizi wengine walimwita jina jingine, na kuna aliyemwandikia ukutani kwa mkaa kwamba arudi kwao. Arudi wapi? Kwao ni hapo ukutani.

"Habari za tangu jana, shemeji?"

"Salama tu, shemeji. Kituoni wamesemaje?"

"Leo yule sajini hakunyanyua hata macho. Ameniambia, 'Mama, mumeo hayumo kitabuni. Hajakamatwa. Wanaume wa aina hiyo wana wake wengine huko kwao, atakuwa amerudi.' Nikamwambia amerudi bila viatu? Viatu vyake viko kwangu. Wakacheka wote." Alifungua kifurushi alichokuja nacho, akatoa suruali nyeusi. "Nipigie pasi hii, tafadhali. Akitoka, nitampelekea. Sitaki atoke kama mwizi."

Dobi aliitazama ile suruali. Alitaka kusema sawa, iache, utaichukua kesho. Neno lilifika hadi ulimini. Akamwona, siku zijazo, akija kila saa saba na suruali ileile, na yeye akiipiga pasi, akiipiga pasi.

"Shemeji, njoo uani."

Alimtolea shati nyuma ya ndoo. Mama Pacha hakulia. Aliweka kidole kwenye doa la gundi kwanza, akalisugua kidogo, kama mtu anayeamini kuwa bado litatoka. Kisha akageuza kola na kupitisha kidole juu ya nyuzi.

"Limetoka wapi?"

"Kwenye gunia la Ofisi. Wameniletea nifue."

"Damu hii yote ni yake?"

"Sijui, shemeji."

"Ni nyingi," alisema, kwa sauti ya mtu anayepima sukari dukani. "Nitampelekea sajini. Aniambie tena kwamba mume wangu hayumo kitabuni."

"Usilipeleke! Watalichukua hukohuko hutaliona tena. Na mimi watanifuata." Aliposikia mdomo wake umeitaja nafsi yake, aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Mama Pacha alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Siku ile alikugongea."

"Alinigongea."

"Ulimsikia?"

Kulikuwa na majibu mengi. Mashine ya jirani ilikuwa ikinguruma. Kundi lilikuwa likiimba. Dobi aliyapitia yote, moja moja.

"Nilimsikia," alisema.

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyerudishiwa kitu alichojua kipo. Hakumtukana. Alivua mtandio, akaingiza mkono kwenye shati la mumewe, kisha mkono wa pili, akalivaa juu ya gauni lake na kufunga vifungo vilivyobaki. Kola aliigeuza, ndani ikawa nje, zile nyuzi zikawa shingoni peupe.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nawapeleka watu wa mtaa wakamwone Fundi wao."

Akatoka kwa mlango wa mbele. Dobi alimfuata hadi barazani, hakuthubutu zaidi. Mama Pacha alitembea katikati ya barabara, jua la saa saba kichwani, bila haraka. Mbele ya bucha alisimama, akageuka ubavu wa kushoto, akangoja. Muuza nyama alikuwa na panga juu ya mfupa. Alilishusha taratibu pembeni, akaingia ndani kama aliyeitwa na simu. Mwenye duka la simu akashusha pazia la chuma. Yule mzee wa kamati ya maji akainama kufunga kamba ya kiatu, kiatu ambacho Fundi ndiye aliyekishona, akabaki ameinama hivyohivyo mpaka mama akapita. Walioimba siku ile kwa sauti zote leo hata salamu iliwashinda.

Dobi alirudi uani. Mashati yaliyobaki ni thelathini, na Marashi atahesabu. Watu wale wanaweza kupoteza mtu wasimtafute, lakini kipande cha nguo lazima kitimie.

Alivua shati alilovaa. Lilikuwa la mistari, zawadi ya mkewe, halina alama kwa sababu dobi hajitii alama mwenyewe. Akafumua alama zilizobaki, akalichovya pamoja na mengine. Alisugua hadi ngozi ya vidole ikachubuka, akasuuza maji matatu, manne, na bado maji yakatoka mekundu. Jua lilikuwa kali, yakakauka. Alipiga pasi na kukunja, na la kwake akaliweka katikati ya rundo.

Saa kumi na moja kamili Marashi akaingia amekunja pua.

"Mtaa wenu mchafu sana, bwana! Kuna mwanamke anazunguka huko na shati limeganda damu, utadhani katoka machinjioni. Hana ndugu wa kumwogesha?"

"Ni mgonjwa kidogo, mkuu," alisema Dobi, akajichukia.

"Watu hawana hata kinyaa." Marashi, ambaye hakuwahi kulifungua gunia lake, alianza kuhesabu kwa kidole, akipapasa kola moja moja. "Ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja. Safi kabisa." Alivuta shati moja, akalinusa. Lilikuwa la mistari. "Hili limetakata kuliko yote. Na wewe mbona uko kifua wazi?"

"Joto la pasi, mkuu."

"Pole." Alibeba mzigo mwenyewe safari hii, maana sasa ulikuwa safi, akauweka kiti cha nyuma taratibu usikunjike. Kisha akachungulia kwenye dirisha la gari. "Kazi nzuri, Dobi. Jumatatu nakuletea gunia jingine."

Gari lilishuka ukingoni na kuondoka. Dobi alibaki barazani, palepale Fundi alipokuwa akikaa, akijaribu kukumbuka kabatini kwake amebakiwa na mashati mangapi. Yalikuwa matatu.