Nyumba Yenye Kushuka

"Ku karte, ile ramani yangu, alama nyekundu iko juu ya nyumba yako, tata. Haiko ya jirani, haiko ya kanisa."

"Basi satelite yako inaniona mpaka mu chumba?"

Ngeleka alirudilia tena kumuelezea baba yake, na roho ilianza kumupanda. Satelite haioni mu chumba. Inapita kule juu, inatuma mionzi ku udongo, inapima kama udongo ulibakia pa fasi yake. Avenue yote haikutikisika. Ile parsel moja tu, kiwanja ya baba yake, ilishuka bidole bitatu tangu mvua ilianza.

Baba yake, muzee Kazadi, aliziba mulango na mwili yake, mikono yote vumbi. Akasema udongo ya Kolwezi inashukaka tangu wakati ya Babelgi. Nyuma yake nyundo ikagonga, chini kabisa, na mutu akacheka. Ngeleka akachungulia. Kitanda ya mama ilikuwa imesimamishwa ku ukuta. Pale bazazi balilalaka, shimo na kamba.

Tangu bazike mama, Ngeleka hakukanyaga tena pale. Ku biro anachoraka karte na zile foto za satelite, na kila asubui anaangaliaka bati ya baba yake kwanza. Kwake ile ilikuwa sawa kumusalimia.

Akaita bale ba chini batoke, nyumba itabaangukia. Stany, mukubwa wabo, akajibu kutoka mu shimo asema bamalize kwanza kujaza mufuko ya mawe.

"Unazani natafuta minerai, mawe ya kuuzisha?" muzee akasema, sauti chini. "Mawe yenyewe kwangu haina mana. Lakini banafika asubui, tunakunywa chai, banabishana juu ya mupira. Mbele bakuye, nilikuwa naongea na redio. Weye unaniona kutoka juu. Bo banafikaka."

Ngeleka akamuambia tu ile ilimuleta: karte aliisha kuituma, kesho batu ba commune, ba serkali, banakuya kufunga nyumba, na mbele ya kesho inaweza kuanguka.

"Twende kwangu, tata. Leo hii."

"Kwako kuko nani?"

Ngeleka akawaza kile chumba yake ya kupanga: kitanda moja, meza moja, kufuli ku mulango muchana yote. Alitaka kudanganya, akashindwa.

"Hakuna mutu."

Muzee akamuangalia kidogo, bila kasirani. Mu shimo balikuwa banamuita akamate kamba. Akageuka, akaingia kuikamata.