Wino wa Taiwo

Mama yangu aliingia kaburini bila kumwitikia Alfa Busari salamu hata moja, na mimi nasema alifanya vizuri.

Tulizaliwa pacha, Taiwo kwanza, kisha mimi Kehinde. Taiwo alikufa kwa surua kabla hajaota meno. Mama akaenda kwa mchongaji, akachongewa Taiwo wa mti, urefu wa kiganja. Alimwogesha, akampaka unga mwekundu, akamlisha maharage kwa mafuta ya mawese. Kwetu pacha ni roho moja iliyogawanywa. Aliyetangulia akisahauliwa, humrudia mwenzake amchukue. Kila tonge la Taiwo lilikuwa uhai wangu. Nami bado nipo, nina meno manne na ulimi mzima, kwa hiyo maharage yale hayakwenda bure.

Ndipo akaja Alfa, mwalimu wa Kurani kutoka Ilorin, kilemba kikubwa kama kapu la viazi vikuu, akafungua chuo barazani kwa jirani. Baba aliitwa Ogundele. Akasilimu, akawa Lasisi, na kwa ugeni wake wa dini alifunga hata siku asizoamriwa. Mama hakuikataa dini. Alitaka sana nisome. Lakini Alfa alisema mtoto wa nyumba inayolisha mti haketi kwenye jamvi lake. Mama akajibu kwamba basi nitakaa nyumbani, nikiwa hai.

Baba aliona aibu mbele ya wenzake wa msikitini. Siku ya soko, Mama akiwa hayupo, Baba alimchukua Taiwo mkekani akampeleka kwa Alfa. Alfa akamtia motoni. Mti ule mgumu ulitoa mkaa mweusi mzuri, na Alfa, bahili wa kuzaliwa, hakuona sababu ya kuutupa. Akausaga, akauchanganya na gundi, ukawa wino. Wanafunzi wakaandikiwa mbao zao kwa wino huo.

Mama alirudi akakuta mkeka mtupu, na habari ya moto ilikuwa imeshamfikia njiani.

"Nimekuokoa na moto, Abeke," Baba akamwambia.

"Kwa kumtia mwanangu motoni?"

Hakutua hata kapu la kichwani. Alinishika mkono tukaenda chuoni, na nusu ya mtaa nyuma yetu, maana watu wetu hawakosi ugomvi wa bure. Aliuliza mabaki ya Taiwo yako wapi. Alfa, kwa majivuno, akaonyesha chungu cha wino.

 Mama akawaamuru watoto waoshe mbao zao zote ndani ya kibuyu kimoja. Wakaosha, nani angebisha na uso ule? Alfa mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba maji ya ubao hayamwagwi chini, ni kombe, dawa ya maandiko, hunywewa. Mama akayanywa yote, meusi, mpaka tone la mwisho, akafuta midomo.

"Sasa Alfa, niambie mbele ya watu. Tumboni mwangu kuna nini? Maneno ya Mungu, au sanamu?"

Alfa akasema mwanamke humuuliza mumewe mambo ya dini. Watu wakacheka, kwa sababu mumewe alikuwa amejificha nyuma ya nguzo.

"Nakuuliza wewe uliyechoma. Kama ni sanamu, umewaandikia watoto wa watu Kurani kwa sanamu. Kama ni maneno ya Mungu, mwanangu ndiye aliyeyabeba. Chagua."

 Alfa alikitengeneza kilemba chake, ambacho hakikuwa kimepinda. Mama akaniketisha jamvini, mbele kabisa, akanisogezea kile chungu.

"Huyu ataandikiwa kwa wino wa mwenzake. Ukiisha, chomeni kilemba."

Nikasoma. Nilipohitimu, Alfa alileta paja la kondoo kwa mikono yake miwili. Mama alilipokea, akaita mbwa wa jirani, akawatupia, Alfa akiangalia.

Baba alimsihi hadi uzeeni asamehe. Vijana wa leo nao hunisihi mimi. Hunitajia Nabii Ibrahimu na masanamu ya watu wake. Nawaambia nimeisoma habari hiyo, tena kwa wino ninaoujua. Ibrahimu alivunja, lakini lile kubwa aliliacha limesimama. Mama yangu hakuachiwa hata kibanzi.