Kiti cha Wasiwasi

Mnasihi alikuwa na viti viwili tu ofisini kwake, juu ya duka la dobi, na siku Bi Vifungo alipokuja ilimbidi ashuke kuazima cha tatu. Bi Vifungo, aliyepachikwa jina hilo kwa kushona vifungo katika kiwanda cha mashati, alikuja na Wasiwasi wake. Huyo Wasiwasi alikuwa mwembamba, mrefu kuliko kabati, miguu peku. Alijaribu komeo la dirisha, kisha la mlango, kisha akarudi tena dirishani.

"Utamsamehe," Bi Vifungo alisema. "Hatulii."

"Mwache tu. Mhasibu aliyetoka sasa hivi huja na godoro kichwani."

Ilikuwa kweli. Mhasibu yule alikuwa na sonona, na godoro lilikataa kubaki nyumbani. Juma hilo alikuwa ameweza kulikunja, na mnasihi alishinda na furaha.

Bi Vifungo akaeleza yake. Kila akikaa kwenye mashine, Wasiwasi humkalia kifuani mpaka pumzi zikate. Msimamizi ameshamwambia kwamba likitokea tena akatafute kazi kwingine. Alipewa vidonge vya usingizi. Akalala Wasiwasi, yeye akakesha. Wifi yake akamwambia, "Wifi, acha wasiwasi," naye akamwacha kituo cha basi. Alipofika nyumbani alimkuta mlangoni, anakagua kitasa.

"Nataka umfukuze," alisema. "Nimechoka, dada. Nimechoka kweli."

Kufukuza haikuwa kazi ya mnasihi. "Tunasema wasiwasi ndiyo akili," alijibu, "halafu hakuna anayemuuliza anachokijua." Akageuza kiti. "Haya, kaka. Una nini?"

Wasiwasi alibabaika, hajawahi kuulizwa. "Mlango wa nyuma wa kiwanda una kufuli," alisema. "Ufunguo anao mwenye kiwanda, kwake nyumbani. Moto ukizuka hatutoki."

"Lakini hilo kila mtu analijua!" alisema Bi Vifungo.

"Wanalijua. Mimi ndiye nisiyelizoea."

Kisha akaketi. Bi Vifungo alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyedhani amerukwa na akili kumbe akili ndiyo iliyomkalia kifuani. Mnasihi alimwacha alie mpaka aishe hamu, halafu akamfundisha: akija, mvutie kiti, vuta pumzi taratibu, muulize, na umjibu ukweli.

Kesho yake Bi Vifungo aliweka stuli kando ya mashine. Wasiwasi akakaa, akamshikia bakuli la vifungo, na pumzi hazikukata. Mshona kola wa jirani aliwatazama, akanong'ona, "Shoga, wangu huyu nimfanyeje?" Haukupita muda stuli zikajaa chumba kizima, na minong'ono yote ikawa ya mlango mmoja.

Wakapanda kwa mwenye kiwanda kuomba ufunguo. Aliwasikiliza vizuri. Akasema wezi ni wengi, na kwamba stuli zinaziba njia, jambo ambalo ni hatari moto ukizuka.

Kufuli likabaki palepale. Mchana huo Bi Vifungo alikula chakula chake chote, kitu alichokuwa amekisahau, akamimina maji, akanywa, akamwachia Wasiwasi nusu ya bilauri.

"Atakataa tena," Wasiwasi alisema.

"Najua," alisema Bi Vifungo, akifuta mikono. "Inuka, twende."

Wakapanda ngazi wote, washonaji na Wasiwasi wao, ngazi zikajaa mpaka chini.