Lori Zima

Bosi wetu anaitwa Semina. Jina hilo hakupewa na mama yake, tulimpa sisi hapa yadi, kwa sababu kila akirudi kutoka semina huja na mfumo mpya wa kusimamia magari. Mwaka jana alileta vifaa vya kufuatilia malori yalipo. Kweli vilisaidia, jamani: tangu hapo tunajua kwa uhakika kabisa lori limeharibikia wapi.

Mimi ndiye msimamizi wa magari ya kampuni hii ya ujenzi. Wananiita Mama Funguo. Nina malori, greda, na kijiko kinachochimba siku kikiwa na hamu. Katika mali yote ya kampuni, kitu pekee kisichoharibika ni mdomo wa bosi.

Yadi yetu ina desturi yake, tangu enzi ambazo bosi alikuwa hajajua semina ni kitu gani. Fundi mkuu akiona gari ni la hatari, huchukua chaki nyekundu na kuandika kwenye kioo cha mbele: ZIMA. Yaani zima, toa ufunguo, nenda zako. Madereva wa zamani wakiliona neno hilo hawasogei hata kuegemea.

Sasa, asubuhi moja nilitumwa saiti ya mbali kufuata greda lililozama kwenye tope. Huku nyuma, paka akiondoka panya hutawala, bosi akaitisha kikao. Mfumo mpya! Kila gari liandikwe hali yake kwenye kioo, neno moja tu: zima au bovu. "Rahisi, wazi, kisasa," akasema, na watu wakapiga makofi, maana soda zilikuwa bado hazijagawiwa. Fundi mkuu hakualikwa. Alikuwa chini ya kijiko, oili ikimdondokea kifuani.

Kikao kilipokwisha, bosi akazunguka yadi na kuliona lori jekundu limeandikwa ZIMA, herufi kubwa kama za tangazo la mkutano. Akafurahi mpaka akasugua mikono. "Mnaona? Wenzenu wameshaanza kutekeleza!" Akatoa ufunguo kwenye ubao wangu wa funguo kwa mkono wake mwenyewe, akampa dereva mpya aende machimboni kuleta kokoto.

Dereva mpya ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Siku anaanza, mama aliniambia, "Nimekukabidhi mwanangu. Nirudishie hivihivi."

Fundi alinipigia simu akihema. "Mama Funguo, nani katoa lori jekundu? Mbona nililiandika zima!"

"Lina nini?"

"Breki zimekwisha! Likiwa tupu litasimama kwa kubembelezwa. Likibeba mzigo, halisimami ng'o!"

Mtume! Barabara ya kutoka machimboni ni mteremko mtupu mpaka saiti yetu kubwa, na saiti hiyo imejaa watu. Nikampigia mdogo wangu. Akapokea, nyuma yake mashine ya kusaga mawe inanguruma.

"Zima gari!" nikapiga kelele.

"Eeh? Sikusikii, dada!"

"Gari! Gari! Zima!"

"Ndiyo, dada, gari zima! Bosi mwenyewe kanihakikishia! Nimeshapakia, naondoka!"

Akakata. Nikapiga tena na tena, hapokei. Ni kijana mwenye adabu, haongei na simu akiwa anaendesha. Nani alimfundisha? Mimi.

Nilirukia pikipiki ya kwanza iliyopita, njia nzima nikimwomba Mungu na kumtukana bosi, mpaka mwenye pikipiki akanisihi nichague moja. Nilipofika saiti ile kubwa, geti halikuwepo. Matofali yalikuwa yametapakaa kila mahali, na lori jekundu lilikuwa limezama kwenye lundo la mchanga mpaka kwenye kioo. Neno lenyewe lilikuwa bado linasomeka.

Mdogo wangu alikuwa amekaa chini, mdomo unavuja damu, mkono mmoja ameukumbatia.

"Dada, lilikataa kusimama. Mafundi wa zege walikuwa mbele yangu. Nikaona mchanga, nikalipeleka huko."

Nikamshika uso nikalia, nikamgombeza, nikalia tena. Sijali nani aliniona.

Hapo simu ikaita. Bosi.

"Mama Funguo, nasikia kuna ajali. Gari zima?"

Nikampa nafasi aulize la pili. Hakuuliza.

"Dereva mzima," nikasema. "Ahsante kwa kuuliza."

"Sawa, sawa. Lakini gari je?"

Jioni ile nilimrudishia mama mwanawe, mkono umefungwa na kitambaa unaning'inia shingoni. Mama alimkagua kuanzia kichwani mpaka vidoleni, kisha akanitazama mimi. Afadhali angenitukana.

Asubuhi nilifika yadi kabla ya wote. Bosi alipotoka ofisini akiwahi kikao, suti imenyooka, alilikuta gari lake jeupe limeandikwa kwenye kioo kwa chaki nyekundu: ZIMA.

Alisimama na ufunguo mkononi. Akachungulia chini ya gari. Akalizunguka. Akagusa mlango, akauacha.

"Mama Funguo," akaniita, sauti imekuwa ndogo. "Hii zima... ni zima ipi?"

"Mimi tena, bosi? Si mfumo wako? Rahisi, wazi, kisasa."

Akamgeukia fundi mkuu, lakini fundi alikuwa chini ya kijiko na hakusikia kitu. Madereva wote walikuwa wameshughulika sana na kuangalia matairi. Bosi akalitazama lile neno kwa muda, akarudisha ufunguo mfukoni, akashika njia kwa miguu.