Jiwe la Skuli ya Bi Rahila

Jumamosi moja asubuhi, mwaka 2001, Nunu aliegesha Corolla yake kwenye maegesho ya Matrah, nyuma ya soko, na magurudumu ya mbele yakaingia darasani. Wasichana wa safu ya nyuma walikunja miguu bila ya kunyanyua macho kwenye vibao vyao. Nunu akazima gari, akafunga mlango taratibu, akatafuta pa kukaa.

Alikuwa ametumwa na afisi. Sheikh Muhanna, tajiri mwenye maegesho yale, alitaka kuweka jiwe la kumbukumbu ya skuli iliyokuwapo pale, na idara ya Nunu kule Khuwair, kwenye maafisi ya serikali, ikaombwa iandike maneno ya jiwe. Skuli ilijengwa zama za Malkia Victoria, kwa madirisha marefu ya vioo vilivyoagizwa Bombay. Muhanna aliibomoa miaka ya sabini apate pahala pa magari. Skuli ikapotea kwa muda, kisha ikarudi. Watu wa Matrah waliizoea. Mwenye haraka aliegesha ndani. Mwenye adabu alisubiri kipindi kiishe.

Bi Rahila, mwalimu wa skuli, alimaliza kusahihisha hesabu ndipo akamgeukia mgeni.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Nunu. "Nnatafuta khabari za skuli hii. Nani aliijenga?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi. Niliuza shamba langu la karafuu Unguja nikavuka bahari kuja kujenga hapa. Marhoon, baba yake huyo Muhanna, akawa anakuja kunivunjia madirisha kwa mawe. Eti msichana akijua kuandika ataandikia wanaume."

Kwenye safu ya pili Nunu alimwona msichana mwenye kovu la moto kidevuni. Kovu lile alilijua: alikuwa Bi Thuwaiba, bibi wa mama yake, aliyefariki Unguja Nunu akiwa mdogo. Mtaa mzima ulikuwa ukimletea barua awasomee, na hakuna katika ukoo aliyejua alisomea wapi. Sasa alikuwa mtoto, ametoa ulimi nje kidogo kwa bidii ya kuandika. Nunu alimgusa nywele. Bi Thuwaiba akamtazama kwa kero, maana mstari ulikuwa umempinda.

Nunu alirudi afisini akaandika kwamba skuli ilijengwa na Bi Rahila na kubomolewa na Muhanna. Karatasi ikafika kwa mkuu wake, Harub, mtu aliyeitaja shahada yake kila siku na ambaye tangu aipate hakufungua kitabu. Harub alikwenda mwenyewe Matrah kuhakikisha. Bi Rahila alimwambia avue viatu, akavua. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akarudi.

"Bi Nunu, yule mwanamke nimemwona kwa macho yangu," alisema. "Hilo sibishani nawe. Lakini hana bataka."

"Ameshakufa, bwana Harub. Kitambulisho atakitoa wapi?"

"Basi. Jiwe rasmi haliandikwi mtu asiye na kitambulisho. Tutaandika aliyejenga ni Marhoon."

"Na Marhoon je? Si maiti vilevile?"

"Marhoon ana mtoto," alisema Harub, na mtoto mwenyewe ndiye aliyeitandikia afisi mazulia mapya.

Nunu alikataa kuandika. Kazi akapewa Fahd, karani mwenzake, mwenye hati nzuri na asiye na maoni.

Siku ya sherehe palipigwa hema, pakanyunyizwa marashi. Bi Rahila aliwaleta wasichana wake kwa mstari, wakakaa viti vya mbele. Mwandalizi akawaomba kwa heshima wasogee nyuma, viti vile ni vya wageni. Wakasogea. Pazia likavutwa. Jiwe lilisema kwamba skuli ilijengwa na Marhoon, mpenda elimu, ikaangushwa na mvua. Muhanna alifuta machozi. Harub, kwa kutaka kuipamba hafla, akaomba mwanafunzi mmoja asome.

Bi Rahila alimtoa aliye hodari kuliko wote. Bi Thuwaiba alisimama mbele ya jiwe akasoma kwa sauti, bila ya kukwama, kila kituo pahala pake. Wageni wakapiga makofi.

Nunu alimfuata mwalimu nyuma ya hema. "Mwalimu, umemwachaje mtoto asome uwongo ule?"

"Kasoma vizuri," alisema Bi Rahila. "Kusoma ndiyo kazi yangu. Uwongo ni kazi yenu nyinyi wa maafisini."

Wiki iliyofuata Nunu alikwenda tena, akaegesha nje. Aliwakuta wasichana wamegeuzia madawati upande wa jiwe, wananakili maneno yake kwenye vibao, kwa kuwa Matrah nzima hapakuwa na hati safi ya kujifunzia kama ile. Bi Rahila alikuwa akipita nyuma yao na chaki yake, na kila aliyeandika jina la Marhoon bila ya kosa, alimsifu.