Kiti Kimoja cha Mbele

...wa kwanza Mwinshehe Kibwana, mwenyekiti, wa pili Lupakisyo Mwakalinga, mwenye nyumba hii ya wageni tunamokutania, mwenye malori manne na mwenye Benzi, wa tatu Casmir Gervas, aliyerudi kutoka Dubai na gari lisilo na paa, wa nne Parit Leshan, jirani, mtoaji wa ng'ombe wawili, wa tano Mwalimu Marciana Tilya, msimamizi wa bibi arusi, wa sita Verdiana Muhando, mama wa bibi arusi, dada yangu wa mwisho kuzaliwa, wa saba mimi mwenyewe, Obed Muhando, mjomba na katibu, na aliyetoa udhuru ni mmoja tu, Stefano Chimola, baba wa bibi arusi, presha, amelazwa tangu Alhamisi, kikao cha kamati ya harusi kimefunguliwa saa tisa kamili alasiri, Mikumi, orodha nimeisoma mara tatu na bado ni watu saba, na saba haigawanyiki kwa mbili hata nikiisoma mara ya nne, kwa hiyo Mwinshehe ana haki ya kunitazama hivi, "Tatu kwa tatu, Mzee Obed, tunakungoja wewe," nami nimeinua kidole kimoja kuonyesha kwamba katibu anahakiki mahudhurio, jambo ambalo hakuna mwenyekiti anayeweza kulikataza, Bwana Hartley alitufundisha hivyo Middle School, kwamba mtu aliyeandikwa bila jina la pili ni uvumi tu, na kwamba katibu asiharakishwe... Benzi au lile la wazi. Mzee wa miaka sabini na mbili, aliyezoea kuulizwa habari za mipaka ya mashamba, anaulizwa leo achague kati ya magari mawili ambayo yote hayana mahali pa kuweka miguu. Nayaona dirishani, yameegeshwa kando ya tangi la maji kama wachumba wawili waliofika siku moja, Benzi la rangi ya fedha, milango miwili tu, vioo vyeusi, viti vya ngozi, anayekaa nyuma hukunjiwa kiti cha mbele akapenya kwa kichwa kama anayetafuta kitu kilichoangukia mtungini, na Lupakisyo amekwisha kutuambia mara mbili kwamba linakwenda kilomita mia mbili na hamsini kwa saa, Parit akamuuliza kwa upole, "Unakwenda wapi na mwendo huo?", Lupakisyo akasema si kwenda, ni uwezo, Parit akasema, "Aa, uwezo," akalitazama tena kama mtu aliyeonyeshwa fahali asiyeuzwa. Na lile la Casmir, jekundu, limefunuliwa lote, viti viwili basi, nyuma ya viti pana nafasi ya mkoba, na Parit alipoliona mara ya kwanza alilizunguka pole pole na fimbo yake akauliza ajali ilitokea wapi, "Si ajali, mzee, ndivyo lilivyotengenezwa," "Likatengenezwa likaachwa?", na Casmir akabonyeza kitu, paa likainuka lenyewe kutoka mgongoni likafunika, likarudi likafunuka, Parit akarudi nyuma hatua mbili, na hapo hapo akaamua kura yake ni ya Benzi, kwa sababu, alisema, gari linalojivua nguo mbele ya watu si la kubebea mtoto wa mtu. "Mzee, umesinzia?" huyo ni Casmir, na sauti yake ina adabu ya Dubai, inacheka huku inaamkia, "Hapana, kijana, nahakiki," "Hakiki, mzee, lakini fikiria video. Bibi arusi anaingia Mikumi amesimama ndani ya gari, shela linapepea, madereva wote wa Zambia wanapiga honi. Bomba kabisa." Na Marciana anatikisa kichwa kukubali, ameshamlipa mpiga video, vioo vyeusi vya Benzi havipigiki picha, amesema, tutakuwa tumerekodi kioo, na nywele je, Marciana, kilomita zote hizo kutoka Ruhembe, upepo, "Nywele zitapuliziwa dawa, Mzee, hata kimbunga hakizigusi," na Mwinshehe naye, mwenyekiti, mtu mzima, alhaji, amepiga kura ya gari la wazi kwa sababu anajua gari linalofuata nyuma ndilo atakalopanda yeye, na akiwa nyuma ya gari la wazi na yeye ataonekana. Siku hizi kila kitu ruksa. Zamani harusi ilikuwa na lori la chama cha ushirika na tulimshukuru Mungu likiwaka... Sasa, dada yangu Verdiana hana habari na video, yeye kasema maneno machache tu, "Nguo ni nyeupe, kaka, na miwa inachomwa," na hilo ndilo neno la maana kuliko yote yaliyosemwa leo, maana ni Septemba, wanachoma miwa kila siku, yale masizi marefu membamba yanapanda juu Ruhembe na kushuka Ruaha, na yakishuka hutafuta weupe, shati langu la Jumapili nalijua, ukiligusa tu sizi linakuwa mstari wa wino, ukilipuliza linakuwa mistari miwili, mtoto ataondoka nyumbani bibi arusi afike kanisani punda milia, na nyani wa pale kwenye kona je, waliozoea kurushiwa ndizi na wasafiri, wataona gari halina juu na ndani yake maua, wale hawana subira kama wanakamati. Kwa hiyo ni Benzi. Mtu yeyote mwenye akili atasema Benzi, ni neno moja, silabi mbili, nami bado nimeinua kidole. Kwa sababu Benzi lina viti vinne, na nimevihesabu kwa mkono jana Lupakisyo akidhani navisifu, dereva mmoja, nyuma bibi arusi na msimamizi pamoja na ile nguo, ambayo peke yake ni mtu wa tatu, na mbele, kando ya dereva, kinabaki kiti kimoja, kiti cha mzee mmoja, na wazee tuko wawili. Kwetu Wasagara mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na siku anayotoka nyumbani mjomba ndiye hukaa naye mpaka anamkabidhi, hili Stefano Chimola analijua kama anavyojua jina lake maana naye ni Msagara na mjomba wake alifanya hivyo hivyo, lakini tangu awe mwenyekiti wa walei amekuwa na desturi za Roma, padri anataka baba, anasema, baba ndiye anayempeleka binti altareni, na Jumapili ile nyingine hapa hapa mbele ya watu wote, soda mkononi, aliniambia, "Shemeji, wewe utakuja na pikapu. Uangalie masufuria yasimwagike." Watu walicheka. Verdiana alitazama chini. Nami niliandika kwenye daftari, ukurasa wa kumi na nne, Baba wa bibi arusi alishauri kuhusu usalama wa masufuria, halafu nikamwambia, kwa sauti ya chini, lakini Lupakisyo alisikia, kwamba yeye ni mwoga anayejificha nyuma ya kanzu ya padri, na hatujasemezana tangu siku ile, siku kumi na nne... Basi gari la wazi lina viti viwili. Dereva na bibi arusi. Hakuna baba, hakuna mjomba, wote wawili pikapu, wote wawili masufuria, Stefano amekaa juu ya gunia la mchele na tai yake, nikisema "la wazi" tu imekwisha, ni haki tupu, ni usawa, na hakuna atakayejua kwa nini, watasema Mzee Obed naye kumbe anapenda mambo ya kisasa. Na nguo ya mtoto? Nguo itapigwa masizi. Ni nguo tu. Verdiana ananitazama, ana macho ya mama yetu, mama yetu Magreti, na jina hilo ndilo lililokuwa liitwe juu ya mtoto huyu mwaka sabini na tatu, tulikubaliana, mimi na Verdiana, nikachelewa nyuma nikimsindikiza mama wa ubatizo mwenye mguu mbaya, na nilipofika mlangoni maji yalikuwa yamekwisha kumwagwa, Agness, jina la mama yake Stefano, Stefano akatabasamu kama aliyeokota kitu, miaka ishirini na mitatu namwita Magreti peke yangu naye huniitikia, "Abee mjomba," bila hata kugeuka kuona kama ni yeye, na kwenye kadi ya harusi wameandika Agness Stefano, kadi mia mbili, mpaka Morogoro, na mimi katibu nikazisambaza... "Huyu anahakiki nini muda wote huu, watu ni saba," Lupakisyo anamnong'oneza Parit, ananong'ona kama mtu aliyezoea kuongea juu ya injini, na huko baa televisheni yake ya dishi inapiga kelele za mpira wa nchi nisizozijua, na simu ya mapokezi inalia, inalia, Rutha mhudumu anakimbia na kandambili zake... gari la wazi. Nimewahi kupanda mimi gari la wazi. Hakuna kwenye kamati hii anayelijua hilo, Casmir anadhani ameleta kitu kipya nchini, lakini mwaka hamsini na moja, shamba la mkonge ng'ambo ya Kimamba, meneja Mgiriki, Bwana Dimitriu, alikuwa na gari la kijani la kukunja paa, na Jumamosi makarani wawili tulipelekwa naye posta Kilosa na gunia la barua, yeye na mbwa mbele, sisi nyuma juu ya turubai lililokunjwa, hakuna pa kushika, mimi na Stefano, kaptula nyeupe, soksi ndefu, na alikuwa anaendesha yule mtu kama anafukuzwa, na kabla hatujafika mtoni macho yangu yalikuwa yamefumba na nilikuwa nimeanza kusali sala isiyo na mwanzo, halafu nikahisi mkono. Mkanda wa suruali yangu, kwa nyuma, umekamatwa, umekazwa, na nilipofumbua jicho moja Stefano alikuwa anatazama upande wa pili, kwenye mkonge, anapiga mluzi kama mtu aliyekaa sebuleni kwake, na mkono wake haukuachia kwenye mashimo yote, daraja, mteremko, mpaka mlangoni kwa posta, hapo ndipo alipoachia akaruka chini akasema, "Barua zimefika salama," basi. Jumamosi iliyofuata alikaa upande ule ule. Na zile zilizofuata. Na hakumwambia mtu. Nafikiri sasa, mbona sijawahi kufikiri, hakumwambia mtu hata siku moja, si alipokuja kumposa Verdiana nami nikamfanya asubiri uani toka asubuhi mpaka jua la mchana, si siku ya ubatizo nilipomwita mwizi wa majina kwenye ngazi za kanisa, si Jumapili ile nilipomwita mwoga mbele ya Lupakisyo, neno mwoga, angeweza kunijibu kwa sentensi moja tu, mjomba wenu huyu nimemshika mkanda kutoka Kimamba mpaka Kilosa, kamati nzima ingeanguka chini kwa kicheko na mimi ningeacha ukatibu siku hiyo hiyo, alikuwa nayo sentensi hiyo mdomoni miaka arobaini na mitano, akaniambia habari za masufuria. Masufuria si tusi kubwa. Ukilitazama vizuri ni kama mluzi. Na mimi nilikuwa napima kuharibu nguo ya mtoto ili mzee mwenzangu mwenye presha akae juu ya gunia... Haya. Benzi. Benzi, na kiti cha mbele akae yeye. Nitaandika hivi, Ilikubaliwa kutumia gari la Bwana Lupakisyo Mwakalinga, na ilikubaliwa pia, kwa pendekezo la mjomba, kwamba kiti cha mbele atakaa Stefano Chimola, baba, na hilo kwa pendekezo la mjomba nitalipigia mstari chini, hapana, sitalipigia mstari, litakuwa majivuno, atayaona, ana macho makali kwa mambo hayo, bora niliondoe kabisa, niandike ilikubaliwa tu, afikiri ni kamati, lakini akifikiri ni kamati basi nimefanya kwa ajili gani, haya, niliache bila mstari. Mimi nitapanda pikapu na masufuria, nitayashika mwenyewe, hakuna litakalomwagika, na Parit atakuwepo na fimbo yake kwa ajili ya nyani. Kesho asubuhi basi la kwanza mpaka hospitali, nitamkuta amekaa kitandani anawaamrisha wauguzi, nitamsomea muhtasari kuanzia mahudhurio, yeye atasema mwandiko wangu umeharibika, nami nitasema mwandiko wako haukuwahi kuwa mzuri wa kuharibika, halafu nitamwambia habari za mkanda, hapana, sitamwambia, nitakapoinuka kuondoka nitasema tu barua zimefika salama, atajua, atatazama dirishani... Mbona Rutha ameingia, kikao hakijafungwa, mhudumu haingii kikao kikiendelea, anamwinamia Mwinshehe sikioni, na Mwinshehe amevua kofia, sijawahi kumwona Mwinshehe bila kofia, kichwa chake ni kidogo kuliko nilivyodhani, Casmir ameacha kuchezea funguo, kidole changu bado kiko juu, Verdiana bado ananitazama mimi, anangoja nichague gari, nami nilikuwa nafungua mdomo kusema, na Mwinshehe anasukuma juu ya meza karatasi aliyopewa na Rutha, inapita kando ya soda ya Parit, inapita mbele ya Marciana, inanifikia mimi kwa sababu mimi ndiye katibu na karatasi zote za kikao husomwa na katibu. Stefano Chimola amefariki hospitalini leo, saa nane na dakika arobaini mchana.